Risasi Moja Kati ya Tano

Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kitabu kinene cha kumbukumbu zake mara tu baada ya vita. Nimekisoma mara mbili, katika tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, kipande kwa kipande, sehemu kubwa nikiwa ndani ya daladala. Ni kitabu cha mtu anayejiamini. Milima inapandwa, mito inavukwa, adui anazungushwa porini hadi anachoka, na wapagazi wanatajwa kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Katikati ya habari zake za mwaka 1915 kuna aya moja fupi inayohusu Moshi.

Aya hiyo inasema hivi, kwa maneno yangu. Risasi zilizookolewa kutoka kwenye meli iliyozama ziligundulika kuwa zimeingiwa na maji ya chumvi. Baruti imeharibika, fataki zimeharibika, na risasi zinazogoma zinazidi kuwa nyingi. Ikabidi zote zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Kwa miezi kadhaa askari wote na wenyeji wote walioweza kupatikana Moshi walifanya kazi hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Risasi nzima ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu. Zile zilizotengenezwa upya zikapangwa mafungu mawili: fungu ambalo asilimia 20 hivi hugoma likapelekwa vitani, na fungu lililo baya zaidi ya hapo likawa la mazoezi.

Kisha jenerali anaendelea na mambo mengine. Mimi nilibaki Moshi. Asilimia 20 ni risasi moja kati ya tano, na kuna mtu aliyepewa risasi hizo akaambiwa aende.

Ili kuelewa walichokuwa wakifanya watu wale, inafaa kwanza kuifungua risasi moja sisi wenyewe, angalau kwa maneno. Katika mazungumzo ya kawaida tukisema "risasi" tunamaanisha kitu kizima, lakini fundi huona vitu vinne. Kuna kichwa, kile kipande kinachoruka na kuua. Kuna baruti. Kuna fataki, kikombe kidogo kuliko punje ya hindi, kilichokaa kwenye kitako, chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Na kuna ganda, ambalo kazi yake ni kuvishika vyote vitatu. Kichwa huenda zake, baruti huungua, fataki hufa kwa pigo moja. Ganda ndilo hubaki, limeanguka majanini karibu na mguu wa mpigaji, likiwa bado la moto.

Ganda zuri hutengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo yana tabia inayopendwa na watengeneza bunduki. Baruti inapowaka, ganda huvimba na kukaza kwenye kuta za chemba, gesi isipate pa kurudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Shinikizo likishuka, hunywea kidogo, na komeo la bunduki linalivuta bila kung'ang'ania. Kwa kuwa hurudi karibu na umbo lake, ganda lile lile laweza kujazwa tena. Marekani wako watu wengi leo ambao hiyo ndiyo burudani yao ya Jumamosi. Wanaokota maganda yao kwenye uwanja wa shabaha, wanayaosha, wanayarudisha umbo kwa mashine ndogo ya mkono, wanaweka fataki mpya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, na kichwa kipya.

Kabla ya yote hayo, wanayakagua. Kila ganda linashikwa na kuzungushwa kwenye mwanga. Mkaguzi anatafuta ufa shingoni. Anatafuta mstari unaong'aa kama pete juu kidogo ya kitako, dalili kwamba ukuta umekonda na siku yoyote ganda litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Anatafuta tundu la fataki lililolegea, na kutu ya kijani iliyochimba badala ya kupaka juu tu. Shaba hiyo ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukakamaa, kama waya unaoupinda huku na huku hadi ukatike. Akitia shaka hata kidogo, ganda linakwenda kwenye ndoo ya chakavu. Hana sababu ya kubahatisha. Uso utakaokuwa nyuma ya komeo ni wake.

Rafiki yangu mmoja anayeongoza watalii upande wa Taveta, Kenya, aliwahi kuniwekea kiganjani maganda matatu ya Kiingereza aliyookota karibu na kilima cha Salaita, ambako Februari 1916 kikosi kipya kutoka Afrika Kusini kilipigwa na askari wa Wajerumani kikarudi nyuma mbio. Yalikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia na ya kijani kama jani la muhogo lililokauka vibaya. Moja lilikuwa na ufa mrefu kutoka mdomoni kushuka chini. Unaweza kudhani ufa huo ni wa mlipuko, lakini shaba ya njano ina ugonjwa wake wa kupasuka yenyewe ikiwa imekaa tu. Jeshi la Uingereza liliujua huko India: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa mvua za masika zilikuwa zikipasuka bila kuguswa na mtu, na baadaye ikaja kuthibitika kwamba amonia inayotoka kwenye mkojo, ikikutana na unyevunyevu na shaba yenye mkazo ndani yake, huila polepole. Kwa hiyo hata ghala lina uwezo wa kukuharibia silaha. Bahari, bila shaka, ni mbaya zaidi ya zizi.

Turudi kwa Wajerumani na shida yao.

Koloni lao halikuwa na kiwanda cha risasi. Kila risasi ilitoka Ulaya kwa meli, na vita vilipoanza Agosti 1914 wanamaji wa Uingereza walifunga pwani. Makampuni mengi ya askari Waafrika yalikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa wingu la moshi mweupe kila unapofyatua, na moshi huo humwonyesha adui mahali ulipolala. Novemba 1914, Waingereza na Wahindi waliposhuka Tanga na kupigwa, waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa na risasi zipatazo nusu milioni au zaidi. Hiyo ilikuwa neema, lakini neema ya mara moja.

Januari 1915 yakaja mapigano ya Jasini, kijiji cha pwani karibu kabisa na mpaka wa Kenya ya leo. Lettow-Vorbeck alishinda. Halafu akafanya hesabu: siku mbili za Jasini zilikuwa zimekula risasi 200,000. Kwa akiba aliyokuwa nayo, angeweza kupigana vita vya namna ile mara tatu tu zaidi. Tangu hapo akaacha kutafuta mapambano makubwa, akageukia vikundi vidogo vya kuvamia reli ya Uganda. Wanahistoria wa kijeshi huusifu uamuzi huo kama kipaji. Nadhani wanasahau kwamba kipaji hicho kilianzia kwenye kuhesabu masanduku.

Meli iliyokuja kumwokoa iliitwa Rubens. Ilikuwa meli ya Waingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani wakaipa jina la Kronborg, wakaivalisha sura ya meli ya Denmark, nchi isiyopigana, na wakaijaza mabaharia kutoka Schleswig ya kaskazini, wanaojua Kidenmaki. Nahodha wake alikuwa Carl Christiansen. Iliondoka Ujerumani Februari 1915, ikapita kaskazini ya Scotland, ikashuka Atlantiki yote, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda Bahari ya Hindi. Juu ilibeba mbao. Chini ya mbao kulikuwa na makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na chini zaidi bunduki zipatazo 1,800 na milioni kadhaa za risasi.

Waingereza walikuwa wamenasa habari za safari hiyo. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth iliivizia kaskazini ya Tanga. Katika kuifukuza, injini moja ya Hyacinth ikaharibika, na Christiansen akapata nafasi ya kujipenyeza ndani ya ghuba ya Manza. Hapo hakuwa na pa kukimbilia tena. Akafungua milango ya maji ili meli yake iketi kwenye kina kifupi kabla moto haujafika kwenye risasi, na mbao za juu zikawaka. Hyacinth iliipiga mizinga kwa muda, ikaona moshi na moto, ikaamini kazi imekwisha, ikaondoka.

Ukitazama ramani utaona kwamba kutoka Manza hadi Jasini ni mwendo mfupi tu kupanda pwani. Meli ililala karibu na mlango wa vita ile ile iliyomaliza risasi.

Shehena karibu yote ilitolewa. Wazamiaji walishuka kwenye vyumba vya meli iliyojaa maji, masanduku yakapandishwa, yakaletwa ufukweni, yakabebwa vichwani hadi kwenye njia. Ilikuwa Aprili na Mei, na mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa mvua ya miezi hiyo inakuwaje. Kisha masanduku yakasafirishwa kwenda Moshi, ambako reli ya Usambara inayotoka Tanga ilikuwa imekomea miaka michache kabla ya vita.

Moshi ninayoizungumzia ni ile mpya, ya kituo cha treni, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Moshi. Ya zamani ilikuwa juu mlimani, kule ambako mwaka 1900 walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake. Miaka 15 tu ilikuwa imepita. Mtu aliyekuwa kijana siku ile alikuwa bado na nguvu za kufanya kazi mwaka 1915.

Na kazi ilikuwa hii. Kufungua risasi ambayo haijapigwa ni tofauti kabisa na kujaza ganda tupu. Mwamerika wa Jumamosi anaanza na ganda lililokwisha kufa. Hawa walianza na kitu kizima kilichojaa, ambacho huenda kimeharibika na huenda hakijaharibika. Kichwa kimebanwa shingoni mwa ganda. Lazima king'olewe bila kuichana shingo, maana shingo iliyochanika haitashika kichwa tena. Baruti ya kisasa ya bunduki hizi ilikuwa vipande vidogo vyembamba, vikiwa na maji hushikamana; lazima imwagwe, isafishwe, ikaushwe, na ikaushwe mbali na moto. Ganda lenyewe lisafishwe chumvi ndani na nje, kwa sababu chumvi ikibaki itaendelea na kazi yake baada ya kila mtu kwenda nyumbani.

Fataki ndiyo ngumu zaidi. Hapa historia ina kichekesho kidogo. Mwamerika Hiram Berdan alibuni fataki ya aina moja, na Mwingereza Edward Boxer akabuni nyingine, lakini Wamarekani wakaja kupenda ya Mwingereza na Ulaya sehemu kubwa ikapenda ya Mwamerika. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo fataki ya zamani unaisukuma kwa sindano kutoka ndani, kwisha. Ganda la Berdan, ambalo Wajerumani walilitumia, lina matundu mawili madogo pembeni, na katikati limeinuka kidogo kama fuawe. Sindano haipiti. Fataki inabidi ichokonolewe kutoka nje. Ikiwa imekwisha kupigwa ni usumbufu tu. Ikiwa ni nzima, unachokonoa kitu kilichotengenezwa makusudi ili kilipuke kikichokonolewa. Mwanzoni mwa karne ile kemikali za fataki zilikuwa na zebaki mara nyingi, na zebaki haina urafiki na shaba wala na mapafu ya mtu.

Kwa bahati fataki za akiba zilikuwapo ndani ya koloni, ingawa hazikuwa za aina ile ile. Kwa hiyo kile kilichotoka mwisho wa meza kilikuwa ganda la Ujerumani lililolala chini ya bahari ya Tanga, baruti iliyooshwa na kukaushwa chini ya Kilimanjaro, na wakati mwingine fataki ya kiwanda kingine. Mara milioni kadhaa.

Nimejaribu kufanya hesabu ya mikono. Tuseme mtu mmoja mwenye bidii anafungua, anasafisha na kufunga tena risasi 200 kwa siku. Milioni moja ingemchukua siku 5,000, karibu miaka 14. Ili wamalize kwa miezi, walihitajika mamia. Ndiyo maana ya yale maneno "wote walioweza kupatikana". Kupatikana kuna namna yake wakati wa vita, hasa katika koloni lililozoea kudai watu kwa kazi za barabara na mashamba. Jenerali hasemi walilipwa nini. Hasemi pia vidole vingapi viliachwa mezani.

Sasa ile asilimia 20. Asilimia haipatikani kwa kutazama. Unaweza kulikagua ganda kwa macho ukaona kutu au ufa, lakini ndani ya fataki iliyokwisha kufungwa huoni kitu. Njia ni moja: unachukua risasi kadhaa kutoka kwenye fungu, unazifyatua, unahesabu zilizogoma, na unahukumu fungu zima kwa hizo chache. Viwanda vyote hufanya hivyo hadi leo, vya dawa hata vya betri. Tofauti iko kwenye mstari unaouchora. Mtu mwenye kiwanda na wateja huuchora karibu na sufuri. Mtu aliyezingirwa na bahari ya Waingereza aliuchora kwenye 20.

Na mstari huo una maana gani kwa aliyeshika bunduki? Bunduki mpya za Manza zilichukua risasi tano kwa mara moja. Ikiwa moja kati ya tano hugoma, uwezekano wa zote tano kulia mfululizo ni theluthi moja tu. Yaani katika kila mara tatu askari anapojaza bunduki yake, mara mbili itamgomea angalau mara moja. Kifyatulio kinavutwa, sindano inagonga, kimya. Lazima avute komeo, aitupe ile mbovu, aingize nyingine, alenge upya. Kwa mtu aliyezoea ni sekunde chache. Katika nyasi ndefu, na mtu mwingine akiwa hatua 30 mbele yako na risasi zilizotoka kiwandani, sekunde chache ni umri mzima.

Kuna lililo baya zaidi ya kugoma, nalo ni kuchelewa. Fataki iliyodhoofika na baruti yenye unyevu huweza kuwaka polepole: unavuta kifyatulio, kimya, unahesabu moja, mbili, ndipo inalipuka. Waalimu wa shabaha hufundisha kwamba bunduki ikigoma uielekeze mbele na usubiri kabla ya kufungua komeo. Huo ni ushauri mzuri kwa uwanja wa shabaha.

Mgawanyo wenyewe nauelewa. Rashasha, ambazo watu wa zamani waliziita bombomu, hula risasi kwa mkanda, na risasi moja ikigoma mkanda mzima unasimama mpaka mtu auondoe kwa mkono. Kikosi kikipoteza rashasha yake katikati ya shambulio kimekwisha. Ofisa yeyote mwenye akili angezipa rashasha risasi nzima. Nimeizungusha hesabu hiyo mara nyingi na siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Ninachosema ni kwamba kitabu kinaisimulia kama mafanikio ya ufundi, na ufundi ulikuwapo kweli, lakini ile asilimia 20 haikupotea ilipofika mwisho wa meza. Ilibebwa na mtu mmoja mmoja, kiunoni, kwenye mkoba wa ngozi. Na kwa kuwa askari nao walikuwa miongoni mwa waliokaa mezani, inawezekana kabisa wapo waliozifunga kwa mikono yao risasi zilizokuja kuwagomea.

Siwezi kufikiri juu ya maji na risasi za Wajerumani bila kukumbuka mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewaambia watu kwamba dawa yake, maji, ingezifanya risasi za Mjerumani zisidhuru. Wakanyunyiziwa, wakaenda, na risasi zikafanya kazi yake sawasawa. Vita na njaa iliyofuata viliua watu ambao makadirio yao huanzia 75,000 na kufika hata 300,000. Miaka kumi baadaye risasi za Mjerumani ziligeuka maji kweli, kwa mamilioni, ndani ya ghuba ya Manza. Waliowekwa chini wakazirudisha ziwe risasi walikuwa Waafrika. Sijui kama kuna yeyote Moshi aliyelitaja jambo hilo kwa sauti, huku mkono wake ukichambua baruti iliyolowa. Mimi ningelitaja, polepole, kwa jirani.

Vita vikiendelea, koloni zima likawa karakana ya kurudia vitu. Taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara, ilitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini. Königsberg ilipozamishwa Julai 1915 mizinga yake iling'olewa ikawekewa magurudumu. Na mwaka 1916, sarafu zilipoadimika, karakana ya reli ya Tabora ikaanza kugonga pesa za dharura. Shaba ya sarafu za heller 20 ilitoka kwenye maganda matupu ya mizinga na mabaki mengine ya shaba. Leo sarafu hizo huuzwa kwa wakusanyaji, na kila ninapoziona mtandaoni hujiuliza wanunuzi wanafahamu kiasi gani kwamba hilo ni ganda lililokaguliwa likaonekana halifai kupigwa tena, likapelekwa sokoni kununua mtama.

Meza za Moshi hazikudumu mwaka. Machi 1916 majeshi ya Jan Smuts yaliingia Moshi, na Wajerumani wakarudi kusini wakibeba walichoweza. Mwezi huo huo meli ya pili, Marie, ikapenya hadi ghuba ya Sudi, karibu na Lindi. Safari hii hakuna aliyehitaji kuzamia. Shehena ilikuwa imefungwa tayari kwa vipimo vya kichwa cha mpagazi. Mtu fulani Ujerumani alikuwa amejifunza kitu kutoka Manza, na alichojifunza ni kwamba barabara ya vita hivi ilikuwa shingo za watu.

Baada ya hapo kikosi kiliishi kwa kuteka. Novemba 1917 kilivuka Ruvuma na kuwapokonya Wareno bunduki na risasi zao huko Ngomano, na askari wakazitupa zile za zamani. Kilipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kilikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Angalia idadi hiyo tena. Ni karibu sawa na zile zilizotumika siku mbili Jasini. Za Manza, zilizofunguliwa na kufungwa, zilikuwa zimekwisha; nyingine zililia, nyingine ziligoma, na nyingine bila shaka zimo udongoni hadi leo. Rafiki yangu wa Taveta huokota maganda matupu tu, na ndivyo inavyopaswa. Ukiona risasi ya zamani yenye kichwa chake, na hasa yenye alama ya kugongwa kwenye kitako, iache palepale uite polisi. Iliyogoma mwaka 1916 haijaahidi kwamba itagoma na leo.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Inasimuliwa kwamba wazee mamia kadhaa walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, na kwamba ofisa aliyeleta fedha alimpa kila mzee asiye na cheti ufagio, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Wote, inasemwa, walizitii bila kukosea, wakalipwa. Wajerumani hupenda kuisimulia hadithi hiyo, na ni nzuri kweli. Foleni ile ilikuwa ya askari. Wale wengine wa aya ya Moshi, "wenyeji wote walioweza kupatikana", hawakuwa kwenye orodha yoyote, na kazi yao haikuwa na amri za gwaride.